Fundi Aliyeachwa kwenye Nyota

Rael aliporudi Faza kutoka likizo ya Nairobi, mwaka wa sitini na nane, alirudi na hadithi. Nyumbani kwa kaka yake Hudson alikuwa ametazama televisheni kila Jumamosi: mchezo wa watu wanaosafiri kwa chombo kutoka nyota hii hadi ile. Yeye alikuwa mwalimu, mtu wa bara, na wanawake majirani zake hawakuwa wameiona televisheni. Basi baada ya alasiri wakawa wanakuja uani kwake na kofia zao za kushona, naye akiwasimulia.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka fundi wa chombo alipougua katika nyota ya mchanga mwekundu. Nahodha aliona hatari, akawasha mitambo, wakaondoka bila yeye. Jumamosi iliyofuata nahodha yule yule anakula na kucheka, na fundi mwingine amekaa pale pale.

"Na yule wa kwanza?" aliuliza Mwanamkisi, jirani wa mlango wa pili.

"Hakutajwa tena."

"Wamemwata nti ya watu, mgonjwa, na hapana aliyemuuliza? Hata nahodha wake?"

"Ndiyo, wamemwacha nchi ya watu," alisema Rael. Alitaka kucheka, lakini hakuna aliyecheka. Wengine walipokwenda, jirani mwingine, Kadija, alibaki nyuma akamweleza. Gharib, mdogo wake Mwanamkisi, alikuwa baharia wa meli ya mizigo. Alishushwa mgonjwa katika bandari ya ng'ambo, meli ikaendelea na safari. Tangu hapo dada yake huenda bandarini Mtangawanda kuwauliza wasafiri habari zake.

Kesho yake Rael alisema kuna kipande alichosahau: nahodha alikosa usingizi, akakigeuza chombo. Kuanzia hapo hadithi ikawa yake mwenyewe. Nahodha, ambaye ushujaa wake wote ulikuwa kufoka, akajua hofu na majuto. Mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mayowe alipewa jina, akapewa na kazi ya kusoma njia baina ya nyota. Fundi akatafutwa, juma baada ya juma.

Disemba Hudson akaja kumtembelea. Siku moja alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, akiisikiliza hadithi, mara akaangua kicheko.

"Rael, hayo umeyatoa wapi? Fundi alikufa zamani! Nadhani mwigizaji aliacha kazi, basi."

Rael aliona haya. Hakuthubutu kumtazama Mwanamkisi.

"Bwana Hudson," Mwanamkisi aliita, "walimwonyesha amekufa?"

"La, hawakumwonyesha."

"Basi hawajui. Mwache Mwalimu aendelee."

Lakini Rael alishindwa kuanza. Siku nyingi alikuwa akiiogopa sehemu hii: chombo kimetua tena kwenye mchanga mwekundu, mlango umefunguliwa. Akimuua fundi, atamtazamaje Mwanamkisi? Na akimrudisha, si atakuwa amemwahidi jambo asiloliweza?

"Sijui nimalizeje," alisema.

Mwanamkisi alikata uzi kwa meno.

"Usimlete kama mtu atokaye harusini. Amekonda. Ndevu zimemjaa. Huenda hata jina lake limempotea. Lakini yuko, Mwalimu. Wamkute yuko."

Rael akamshusha nahodha mchangani, akamfanya amwite fundi.