Siku Niliyoogopa Kuangalia Vitu kwa Bwana Pak

Wewe unayesoma, umekwisha kuona mtu anayepewa vitu vizuri mpaka anatamani kulia? Mimi yalinipata, hapa hapa Bukavu, wakati nchi bado inaitwa Zaire.

Nilikuwa nafanya kazi Muhumba kwa Dokta Han, Mkorea, na mke wake. Yeye tulimwita Madame Agnès, kwa jina lake la ubatizo, maana walikuwa Wakatoliki kama sisi. Nilifua, nikapiga pasi, na alasiri tulikaa jikoni kukata shu, yaani kabichi: yeye ananionyesha namna ya kuilaza katika chumvi na pilipili, mimi ninamfundisha Kiswahili. Nilipozaa Martine, Madame alimfunga mgongoni kwa kitambaa kipana, akamtembeza bustanini mpaka akalala. Akasema kwao pia mama zao wanabeba vile. Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu: Madame awe marraine wa Martine, amsimamie kanisani.

Ubatizo ulikuwa Jumapili. Padri Honoré alitaka jina la marraine Jumamosi kabla ya misa ya jioni. Nisipolileta, ataweka Maman Apolline, shangazi wa mume wangu, mwanamke anayegombana hata na kuku wake. Lakini mama mkwe wangu, Eulalie, alikuwa na sheria yake: mtu akipewa kitu leo, leo hiyo haombi kingine. Shukrani ilale kwanza. "Ukiomba juu ya zawadi," alinionya, "watasema weye uko tumbo tu, hakuna mutu ndani."

Basi, Jumamosi ile asubuhi Dokta ananikuta uani na ndoo yangu.

"Georgette, acha nguo! Leo tunatembea. Beba mutoto, twende kwa Pak!"

Bwana Pak alikuwa Mkorea mwenzao. Alikuwa amefungua galerie, duka kubwa la etaji mbili, karibu na soko la Nyawera. Chini vitambaa, radio, vyombo, viatu. Juu meza za kulia chakula cha kwao, chakula walichokuwa wanakiota usingizini. Nikajiambia, vizuri, nitamwambia Madame ndani ya gari. Lakini Dokta aliimba kwa sauti kubwa toka Muhumba mpaka Nyawera, na Madame akampigia makofi.

Mle ndani, usiniulize! Kulikuwa na nywele za kuvaa zimepangwa juu ya vichwa vya mbao, vichwa vyote vinakutazama. Kulikuwa na miavuli inayojifungua yenyewe kwa kidude, pa! Sakafu inang'aa hata unaona sketi yako kwa chini. Nilimvuta Madame pembeni.

"Madame, niko na neno..."

Haya ikanishika. Kwetu huombi ukimkazia mtu macho, kwa hiyo niligeuza macho pembeni. Pale pembeni kulikuwa na termosi yenye maua mekundu.

"Ah, termosi!" Madame akafurahi. "Neno ni hii? Kwa nini unaogopa?"

Akanipa kwa mikono miwili, kama desturi ya kwao. Nikapokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, kama desturi ya kwetu. Sheria ya mama mkwe ikanifunga kinywa.

Nikawaza: termosi ni ya chai ya mume wangu, si yangu. Haihesabiwi. Nikajaribu tena, safari hii nikainamisha macho chini. Chini kulikuwa na sandali za plastiki, rangi ya machungwa. Nikapewa. Nikawaza, sandali ni za kukanyagia matope tu. Nikajaribu mara nyingine na macho juu kabisa, mahali ambapo hakuna bidhaa. Kumbe taa zao zilining'inia huko, za kuuzwa.

"Lampe pia!" Madame akamwambia muuzaji.

Nyumbani kwetu umeme ulikuwa haujafika.

Muuzaji alikuwa Emérence, binti wa Nyawera mwenye mdomo. Alipanda ngazi ya mbao kuishusha ile taa huku anacheka.

"Maman Martine, macho yako iko na mali! Angalia na mimi kidogo, wanipeleke Ulaya."

"Nyamaza, weye."

"Basi angalia ile frigo. Kidogo tu! Tutaigawanya, weye mulango, mimi sanduku."

Juu tulikula tambi ndefu katika mchuzi wa moto. Dokta alizivuta kwa sauti, srrr, jasho linamtoka, na Bwana Pak akamwongezea kila bakuli lilipokauka. Walizungumza lugha yao, wakapigana mabega, wakasahau saa. Martine alipita toka mikono hii kwenda mikono ile. Nami niliona jua la dirishani linainama, nikamwona mawazoni Maman Apolline na kitambaa chake cha sikukuu, tayari.

Tuliposhuka niliamua kufunga macho kabisa. Macho yakifungwa yataonyesha nini? Nikasimama katikati ya galerie, nimefumba.

"Madame, neno langu..."

"Dokta! Kuja! Georgette anaanguka!"

Dokta akanishika mkono kupima mapigo ya damu. Bwana Pak akaleta kiti. Emérence akanipepea kwa kifuniko cha katoni.

"Haiko malaria," Dokta akasema. "Mutoto ni muzito mugongoni, basi."

Bwana Pak akapiga kidole. Akaenda nyuma, akarudi anasukuma kigari cha mtoto, cha buluu, magurudumu yanameta. Zawadi yake mwenyewe. Mlima wetu wa Kadutu, wenye matope na mawe, na kigari! Madame alikuwa ameshamlaza Martine ndani, Emérence anafunga kamba, watu wa soko wamejaa mlangoni kutazama. Kengele ya misa ikaanza kulia.

Nikamwondoa Martine katika kile kigari. Mama mkwe anisamehe.

"Madame, murudishe hii kitu! Sitaki kigari, sikutaka termosi, sikutaka lampe! Tangu asubui nataka weye. Kesho ukuwe marraine ya Martine, umubebe mbele ya padri!"