Njiwa Aliyerudi kwa Miguu

Kazi ya Festus Swartbooi ilikuwa kuua njiwa. Si kunguru, si panya: njiwa. Katika pwani yetu ya Namakwa, Afrika Kusini, ambako almasi hulala mchangani kama mtama uliomwagika, njiwa ni mwizi mwenye mabawa. Binadamu akitoka mgodini hupekuliwa mpaka magego, lakini njiwa aliyefungwa almasi kifuani haulizwi kitambulisho. Basi mgodi ukaweka sheria yake: njiwa yeyote aonekanaye ndani ya uzio apigwe risasi, awe na hatia au awe anapita tu kwenda kumwamkia shangazi yake.

Na muua njiwa hana rafiki. Kijijini, nje ya uzio, nusu ya nyumba zina banda la njiwa wa mashindano. Festus akiingia dukani, maongezi yanakatika kama uzi. Kanisani, benchi alilokalia lingemtosha hata kulala. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, mpole, anaishi peke yake katika nyumba ya mgodi ambayo madirisha yake yote yalitazama ukungu. Jioni aliwasha redio, si kwa kuisikiliza, bali asijisikie mwenyewe akitafuna.

Ndipo akaja Elroy Josop. Alisimama kwenye lango la mgodi, akamuulizia “yule muuaji,” na walinzi wakajua nani wa kuitwa. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye kovu kwenye unyusi, kazi yake kupasua samaki kiwandani. Mjomba wake alikuwa amekufa na kumwachia nyumba na banda la njiwa. Mkononi alishika mfuko wa nailoni.

“Wewe ndiye Swartbooi?”

“Ndiye.”

“Huyu ni Malkia. Risasi yako ilimpata ndani, akaja kufia nje.” Akafungua mfuko. “Mwombe msamaha.”

Festus alimtazama njiwa, akamtazama mwenye njiwa. Tangu mama yake azikwe hakuna mtu aliyekuwa amemwomba chochote. Akavua kofia.

“Malkia, nisamehe. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona taji.”

Elroy alijaribu kununa, kicheko kikamponyoka.

“Anasemaje?” Festus aliuliza.

“Anasema uje Jumapili umzike. Mimi sina sepetu.”

Basi Jumapili wakamzika, na Jumapili iliyofuata hapakuwa na maiti lakini Festus akaja vilevile. Aliyempa moyo ni Shangazi Mietjie, jirani wa Elroy, mama wa kanisa mwenye ulimi wa pilipili na sukari. “Usione haya, mwanangu,” alimwambia. “Upweke haupati tuzo mbinguni. Kaka yangu Klaas atakuwa anakuleta na gari lake na kukurudisha. Si mnalinda mgodi pamoja?”

Kijiji kilisema, kama ilivyo kazi ya kijiji. “Wanaume wawili, hilo tumelizoea, serikali yenyewe inawaozesha,” walisema akina mama dukani. “Lakini mfuga njiwa na muua njiwa? Hiyo dhambi hata mchungaji hajui ukurasa wake.”

Elroy alimfundisha kushika njiwa. “Unamshika kama bunduki, bwana wee! Miguu katikati ya vidole, hivi. Kidole gumba juu ya bawa.” Akamwekea mkono juu ya mkono. Festus alihisi moyo mdogo ukidunda kwa kasi, na hakuwa na hakika kama ni wa njiwa au ni wake. Mkono wa Elroy ulinuka samaki hata baada ya sabuni mara tatu, na juma zima mgodini Festus aliitafuta harufu ile mikononi mwake mwenyewe, asiipate.

Kuagana kwao pale jikoni kulikuwa kurefu. Mara kofia imesahauliwa, mara kofia imepatikana lakini mwenyewe hajatosheka. Klaas alisubiri uani bila kupiga honi hata mara moja. “Aganeni tu, vijana,” alikuwa akisema. “Mimi sina haraka.” Watu wakamsifu kwa subira yake.

Asubuhi moja katikati ya juma, ukungu umekaa chini kabisa, Festus aliona njiwa akitembea kando ya uzio. Njiwa mwenye mabawa mazima, anatembea kama mwanamke anayetoka dukani na mzigo! Alipomwokota akaona pete mguuni, yenye alama ya banda la Elroy. Kifuani alikuwa amefungwa fulana ndogo ya kitambaa, na ndani yake mawe. Aliyemvisha alikuwa na tamaa. Alimzidishia mzigo, ndege akashindwa kupaa, akaamua kurudi kwao kwa miguu.

Festus alikaa mchangani. Njiwa, kila mtoto wa kwetu anajua, hana habari ya kwenda. Anajua kurudi tu. Kwa hiyo huyu alikuwa amebebwa kutoka banda la Elroy akaingizwa mgodini, maana anayeingia hapekuliwi. Na nani hutoka kwenye banda lile kila Jumapili akaingia mgodini? Mimi, alijijibu. Mimi na mabegi ya mikate ninayofungiwa, katika gari ambalo sijawahi kuangalia chini ya kiti chake.

Mtu aliyezoea kupendwa angetafuta jibu jingine. Festus hakutafuta. Lilimjia moja, likakaa kama lililokuwa na ufunguo wa nyumba: nilijua tu, nani angenipenda bure?

Alipaswa kwenda ofisini na ndege na mawe, kisha polisi wamfuate Elroy. Alitoa kisu, akakata fulana, akatupa mawe yote kwenye mawimbi. Hilo nalo ni jela, alilijua. Akamrusha njiwa juu ya uzio, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile akamtazama mmoja akienda zake.

Jumapili alikwenda kwa nia ya kwenda mara ya mwisho. Garini Klaas aliuliza, macho barabarani, “Wiki hii umepiga wangapi?”

“Hakuna.”

“Hata aliyeanguka hujaokota?”

“Ukungu,” alisema Festus.

Klaas aliongeza mwendo, yeye ambaye siku zote hakuwa na haraka.

Jikoni, Elroy alikuwa anampaka samaki jemu ya aprikoti, kama tupikavyo kwetu, mgongo umeelekea mlangoni. Hakugeuka.

“Festus. Una neno la kuniambia?”

“Wewe je?”

Mafuta yalilia kwenye sufuria. Elroy akafuta mikono, akatoka, akarudi na njiwa yuleyule na kumgeuza tumbo juu. Kifuani manyoya yalikuwa yamelika, ngozi nyekundu.

“Kila ukiondoka Jumapili, mmoja hayupo bandani. Katikati ya juma anarudi hivi. Mimi si mtoto, Festus. Najua fulana inavyoacha alama.”

“Unadhani ni mimi?”

“Nani mwingine anatoka hapa kuingia kule?”

“Mimi nilidhani ni wewe,” alisema Festus.

Walitazamana kama watu wawili waliokutana gizani kila mmoja ameshika rungu. Kisha Festus akauliza polepole, “Njiwa akirudi mchana, wewe uko kiwandani. Nani yupo hapa?”

“Hakuna. Shangazi Mietjie tu, anawapa maji.”

Wote wawili wakageukia dirisha. Pale bandani, Klaas mwenye subira alikuwa na mkono ndani ya koti, na koti lilikuwa linatikisika. Juu ya ukuta, kichwa cha dada yake kilikuwa kinaangalia barabara.

“Yeye ndiye aliyeniambia nisione haya,” alisema Festus.

“Na mimi alinituma langoni na Malkia. Alisema, mpeleke, umwaibishe.”

“Basi tulipangwa. Kama viti.”

“Gari lilipangwa,” alisema Elroy. “Kicheko changu pale langoni hakuna aliyenikopesha.” Kisha akauliza, bila ukali, na hapo ndipo palipouma: “Uliponidhania mwizi, ulikuja leo kufanya nini?”

“Kuaga. Nisirudi tena.”

“Mimi nilipokudhania mwizi, niliacha mlango wa banda bila kufuli. Nilisema, achukue ndege, ila aje.”

Festus alivaa kofia. Alitoka uani.

“Mrudishe huyo njiwa, Klaas.”

Klaas alimtoa kotini, polepole. “Mawe yangu yako wapi?”

“Muulize bahari.”

“Ukisema, watakutia ndani na wewe. Na huyo wako. Nani atakuamini, muua njiwa?”

“Huenda hakuna. Kesho nitakwenda polisi kwa miguu yangu, niseme yako na yangu, hata ya mawe. Leo nenda peke yako. Waambie wa mgodini Swartbooi hapigi tena, nyumba yao waichukue.”

Shangazi Mietjie alipaza sauti kutoka ukutani. “Hiyo ndiyo shukrani, Festus? Si mimi niliyekupa mume?”

“Asante, shangazi,” Elroy alimjibu kutoka mlangoni. “Kuanzia kesho maji ya njiwa nitawapa mwenyewe.”

Gari liliondoka. Upepo wa baharini uliingia na mchanga wake. Festus alisimama jikoni, hana kazi, hana nyumba, na kesho hajui kama atalala hapa au kituoni. Elroy hakumkumbatia. Alitandika sahani mbili mezani, akakaa, na kwa muda mrefu kila mmoja alikula kama aliye katika chumba chake.

Kisha Elroy akamsogezea kipande kikubwa.

“Miiba utatoa mwenyewe leo,” alisema. “Bado nimekasirika.”

“Sawa,” alisema Festus, akaanza kutoa.