Mkia wa Mama Tumpe

Barua ya baraza la wazee wa kanisa ilimkuta Atuganile kwenye cherehani, akimalizia upindo wa gauni la harusi la binti yake. Ilikuwa na mistari michache na mhuri. Ilisema kwamba akiwa mapumzikoni Unguja alivaa umbile la pepo wa majini, akapigwa picha na kuwakwaza waumini. Aje Jumapili mbele ya usharika, akiri kosa. Asipokiri atakaa benchi la nyuma, na Jumamosi itakayofuata, siku ya harusi, hatasogea mbele kumtoa binti yake. Mjomba atamtoa.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja vizuri, akainama, akaipachika chini ya mguu wa cherehani uliokuwa mfupi kuliko mingine. Cherehani ikatulia, naye akaendelea kushona.

Iyula nzima inamfahamu Atuganile, Mama Tumpe, fundi. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio kabla hajajua kutembea, ukabaki mwembamba na mfupi, na cherehani yake ya kukanyaga huiendesha kwa mguu wa kulia peke yake. Alizaliwa Ileje, akaolewa Iyula, akafiwa na mume miaka tisa iliyopita. Tumpe ndiye mtoto wake wa pekee. Baba hayupo, kwa hiyo wa kumshika mkono binti siku hiyo alikuwa yeye, na alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu mtoto akiwa mgongoni.

Sasa hiyo picha. Watu wote waliiona, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ilikuwaje.

Tumpe anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja huko Unguja. Mwezi mmoja kabla ya harusi alipewa chumba cha bure kwa siku nne, akamwita mama yake. "Njoo upumzike, mama. Tangu nizaliwe sijakuona umekaa bila sindano mkononi." Atuganile akapanda basi Mlowo, akapanda boti, akatapika njia nzima, akafika.

Siku ya tatu kulikuwa na matembezi ya majini. Wageni wanavalishwa mkia wa nguva, wanawekewa miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia, kisha mwongozaji anawapeleka kuangalia samaki mahali ambapo maji hayazidi kifua. Atuganile aliteremka ufukweni na fimbo yake kutazama tu. Amevaa nguo ya heshima kuliko zote alizobeba: fulana ya mikono mirefu ya umoja wa akina mama, yenye jina la usharika kifuani kwa herufi kubwa za bluu. Shika hiyo fulana, maana ndiyo iliyoleta balaa.

Walikuwepo wanawake watano kutoka Dar, wamekuja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Mmoja akautazama ule mguu, akaitazama na fimbo, akatabasamu kwa upole kabisa.

"Mama, wewe si utabaki hapa? Basi tuangalizie mikoba, simu zetu zimo humo."

Na akaiweka miguuni pake, mikoba mitano, bila kusubiri jibu.

Yule dada hakuwa na ubaya. Lakini Atuganile alijiona ana miaka minane, amekaa kwenye jiwe kando ya mto Songwe, chini ya milima ya Ileje. Watoto wenzake wanavua nguo na kumrundikia mapajani. Wewe linda nguo, wanamwambia, kisha wanaruka majini wakipiga kelele. Alilinda nguo kiangazi baada ya kiangazi, mpaka wenzake wakakua na kuolewa. Shati la nani lilinuka moshi na la nani lilinuka mbuzi alijua. Maji ya ule mto hakuwahi kuyajua zaidi ya vifundo vya miguu.

Hasira ilimpanda, hasira ya karibu miaka hamsini.

"Mikoba yenu mtakaa nayo wenyewe," alisema. "Nipeni na mimi mkia."

Mwongozaji alikuwa binti wa pale pale kisiwani, amejifunika mwili mzima kwa vazi lake la kuogelea na ushungi juu. "Bibi, shikamoo. Kuogelea unajua?"

"Marahaba. Sijui. Wewe kazi yako si kufundisha?"

Binti akacheka, akaenda kuleta mkia. Ulikuwa wa kitambaa cha kuvutika, kijani chenye magamba ya kuchora, na ndani ya ncha yake kuna pezi pana la plastiki lenye nafasi mbili za kuingiza nyayo. Kabla hajauvaa, Atuganile aliugeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Aliyeshona hapa alikuwa na haraka," alisema. "Lakini utashika."

Binti akamvisha. Ule unyayo mdogo wa kushoto aliujazia soksi ili usichomoke, akafunga, akavuta kitambaa mpaka kiunoni. Atuganile akajitazama. Miguu haikuwepo. Mzima haukuwepo, mbovu haukuwepo. Kulikuwa na kitu kimoja tu, kimenyooka.

Mara ya kwanza alikunywa maji ya chumvi, akakohoa mpaka kamasi zikamtoka, na wale wa Dar wakacheka. Mara ya pili aliogopa, akamng'ang'ania binti shingoni nusura amzamishe. "Usipige miguu, bibi," binti akamwambia. "Miguu isahau. Sukuma kwa kiuno."

Kiuno! Mtu aliyekanyaga cherehani kwa mguu mmoja miaka zaidi ya thelathini, kiuno kikifanya kazi ya mguu wa pili kila siku ya Mungu, ndiye unayemwambia habari ya kiuno. Alisukuma mara moja, akaenda. Akasukuma tena, mkono wa binti ukaachia, akaenda peke yake. Chini yake matumbawe yalipita, na samaki wa mistari ya njano, na kiti cha pweza chekundu, chenye umbo la nyota, kimelala mchangani, na yeye juu yao hachechemei. Alilia mle mle ndani ya miwani, na machozi ya ndani ya miwani hayana pa kwenda. Alizunguka kamba ya mipaka mara mbili. Wale watano walikuwa wamechoka na wamekaa ufukweni, wakimpigia makofi.

Tumpe ndiye aliyepiga picha. Mama yake amekaa mchangani, mikono juu, kinywa wazi kwa kicheko, mkia umetandazwa mbele, na kifuani jina la usharika linasomeka vizuri kuliko hata ubao wa kanisani. Tumpe akaiweka kwenye status ya simu yake kwa furaha, watu wote wa kwao waione. Gwantwa, wa kwaya ya akina mama, akaichukua na kuituma kwenye kundi la kwaya akiandika: "Jamani tumwombee mwenzetu." Kutoka hapo haikuzuilika. Atuganile alipokwenda Tunduma kununua satini ya gauni, mama mmoja wa Kizambia anayeuza vitambaa alimtazama, akatazama fimbo, akapiga kofi mapajani. "Bamayo, mama yangu! Ni wewe yule samaki?" Akampunguzia bei.

Iyula hawakumpunguzia kitu.

Kaka yake, Anyitike, alifika kutoka Ileje siku moja kabla ya ile Jumapili. Majirani walikuwa wameshamweleza yote njiani, akakaa kwenye kigoda kando ya cherehani.

"Dada, sema tu. Neno moja. Unasema nimekosa, wanakupokea, Jumamosi unamtoa mtoto, yamekwisha."

"Na kosa liko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kwani ni lazima liwepo?"

Alipotoka kwenda kuangalia mahindi, Atuganile alilijaribu lile neno. Alilisema kwa sauti, peke yake na cherehani. Nimekosa. Lilitoka kirahisi, na huo urahisi ndio uliomtisha. Maisha yake yote alikuwa akilisema kwa niaba ya mguu. Amechelewa ibada, samahani. Amewazuia watu njiani, samahani. Mguu huu uliombewa na wahubiri saba, na kila mmoja kabla ya kuomba alitaka kujua mama yake alifanya nini kibaya. Alikuwa amekubali kuchukua hatia isiyo yake kwa sababu alitaka kukaa na watu kwa amani. Na siku moja, moja tu, aliyoupumzisha huo mguu, wanataka aombe radhi na hiyo. Lakini pia alimwona mawazoni Tumpe akitembea kwenda mbele ameshikwa mkono na mwingine. Alimtaka mwanawe. Alishona mpaka jioni bila kujua atasema nini.

Jumapili aliitwa baada ya matangazo. Kutoka kiti chake mpaka mbele ni hatua nyingi kwa mtu wa fimbo, na siku hiyo hakuharakisha hata moja. Mzee Zebedayo, katibu wa baraza, alisimama na karatasi. Utaratibu kila mtu anaujua: unasomewa, unaulizwa mara mbili, unajibu mara mbili, usharika unanyoosha mikono kukupokea. Hakuna aliyewahi kujibu vingine.

"Mama Tumpe, ni kweli ulivaa umbile la pepo wa majini?"

"Ni kweli nilivaa mkia. Wa kitambaa. Mshono wake nauweza kwa siku mbili."

"Unakiri kwamba umekosa?"

Anyitike alikuwa akimkazia macho, midomo yake ikilitamka lile neno ili amsaidie.

"Hapana," alisema Atuganile. "Sijakosa."

Minong'ono ikaanza. Mzee Zebedayo akainua mkono. "Mama, jina la kanisa kwenye mkia wa samaki!"

"Jina lilikuwa kwenye fulana, mzee. Na samaki tunao humu ndani. Sare ya kwaya hii, sketi zinazobana mpaka magotini halafu zinafunguka chini, mlikuja kwangu mkaniambia shona mkato wa samaki. Nimeshona ishirini na mbili. Gwe Gwantwa, yako niliilegeza mara mbili. Mbona hazikuombewa?"

Mtu mmoja upande wa wanaume aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Gwantwa aliinama kutafuta kitabu chake cha nyimbo ambacho kilikuwa mkononi.

"Hapa hatujibizani," alisema Mzee Zebedayo. Uso ulikuwa umemwiva. "Benchi la nyuma."

"Nitakaa," alisema Atuganile. Akageuka, akaanza safari ya kurudi, na usharika mzima ukamngoja afike.

Wiki hiyo alishona. Tumpe alipofika na kusikia, alilia, akasema basi ndoa ifungwe bomani, mama yake akamkatalia katakata. "Utaolewa humo humo. Mimi nitakuona kutoka nilipo." Alisema hivyo kwa uso mkavu, na moyo ulikuwa unamuuma vibaya.

Jumamosi akakaa benchi la nyuma peke yake, amevaa kitenge kipya, mkoba mapajani. Watu walimpita wakiingia, wengine wakimsalimia kwa nyusi tu. Mbele, kwenye kiti cha mzazi, hakukuwa na mtu. Bwana harusi, Luka, mwalimu wa huko Ndalambo, alikuwa amesimama akijifuta jasho.

Sasa, waliojenga kanisa lile waliliweka benchi la nyuma pembeni kabisa mwa mlango mkubwa, ili anayeadhibiwa aonwe na kila anayeingia. Hawakufikiria kwamba bibi harusi naye huingilia mlango huo huo.

Matarumbeta yakaanza. Usharika ukasimama. Tumpe akatokea mlangoni ameshikwa mkono na mjomba wake, gauni limebana mpaka magotini na kufunguka chini, akapiga hatua mbili, akasimama. Akachomoa mkono wake kwa Anyitike. Akageukia kushoto na kumwelekezea mama yake kiwiko.

Atuganile alikuwa ameapa hataharibu siku ya mtoto. Alikitazama kile kiwiko. Akawaza mikoba mitano, na nguo za watoto wa mtoni, na jiwe alilokalia. Akanyanyuka.

Kule mbele Mzee Zebedayo akasogea katikati ya njia, mkono juu, akisema kitu. Hakusikika. Kwa kawaida yetu matarumbeta hayakatizwi mpaka bibi harusi afike mbele, na wapigaji, wakiangalia mwendo wa fimbo, walikuwa wameupunguza wimbo ulingane nao. Beti zikaisha, wakaanza upya. Zikaisha tena, wakaanza tena, mashavu yamevimba. Mama na binti walikuja taratibu, Anyitike nyuma yao akishika pindo la gauni maana hakujua ashike nini kingine. Walipomkaribia mzee hawakusimama, na yeye, mtu wa miaka sabini, hakuwa wa kumsukuma mama wa bibi harusi mbele ya wakwe. Alirudi kwenye kiti chake.

Walipofika, fimbo ilikuwa mkono mmoja, binti mkono wa pili, na mkoba ulikuwa unamponyoka. Kutoka viti vya kwaya ukanyooshwa mkono. Ulikuwa wa Gwantwa.

"Lete mkoba, Mama Tumpe," alinong'ona. "Nikutunzie."

Atuganile akamtazama kidogo, akampa.

Matarumbeta yakanyamaza. Mchungaji alimtazama Mzee Zebedayo, akalitazama benchi tupu kule nyuma, akafungua kitabu chake pale alipoweka alama.

"Ni nani anayemtoa binti huyu?"

"Mimi," alisema Atuganile, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.