Rangi Kati ya Mistari Miwili

Kwa siku tatu Igoki alikuwa akipigana na rangi ya kijani, na rangi ilikuwa inashinda.

Kazi yenyewe, ukielezwa, ni ya kitoto. Mradi wa bei za mazao, uliokuwa na chumba kimoja juu ya duka la mbolea mjini Meru, ulipata kompyuta na laini ya simu mwaka huo wa 1999, na wakubwa wakataka bei ziwekwe kwenye mtandao dunia nzima izione. Dunia nzima ilikuwa haijauliza, lakini hayo tuyaache. Chati ilikuwa na mistari miwili. Wa chini ulionyesha bei anayolipwa mkulima wa maharagwe kule Kianjai, wa juu bei ya maharagwe hayo hayo yakifika soko la Gakoromone pale mjini. Katikati, Bwana Kiambi, meneja, alitaka papakwe rangi. Alisema hapo ndipo mabroka, wale wanunuzi wa kati, wanapokula jasho la mkulima, na mwenye macho ataona.

Igoki alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Chati ikikamilika Ijumaa, angepewa barua ya kuajiriwa. Isipokamilika, Bwana Kiambi alikuwa na mpwa wake aliyesomea kompyuta Nairobi. Jambo ambalo meneja hakulijua, na Igoki hakuwa na haraka ya kumjulisha, ni kwamba Ntinyari, mama yake Igoki, alikuwa mmoja wa mabroka hao. Alinunua Kianjai, akauza Gakoromone, na hapo kati ndipo karo ya Igoki ilipotoka.

Rangi ilikataa katakata kukaa katikati. Aliiamuru ijaze chini ya mstari wa juu, nayo ikateremka hadi mwisho wa chati, ikafunika mkulima na broka pamoja. Jumatano akapata ujanja: apake kijani chini ya mstari wa juu, kisha apake nyeupe chini ya mstari wa chini. Nyeupe ikameza kijani yote ya chini, ikabaki ya kati tu. Igoki alifurahi hadi akajinunulia mandazi mawili.

Hata la pili hakulimaliza. Kwenye chati, mwezi wa Juni wa mwaka uliotangulia, kijani ilikatika. Palikuwa na pengo jeupe la wiki mbili, halafu rangi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Alizima kompyuta, akaiwasha. Alifuta, akaandika upya. Alibadilisha kijani ikawa bluu, kwa sababu asizozijua mwenyewe. Pengo lilibaki pale pale, na kichwa kikamvurugika.

Alhamisi asubuhi Bwana Kiambi aliinama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Hii pengo inatoka wapi?"

Igoki alifungua kitabu cha bei, akazidi kuchanganyikiwa. Wiki hizo mbili mistari ilikuwa imepishana. Bei ya Kianjai ilikuwa juu ya bei ya Gakoromone, na nyeupe ikawa imeifunika kijani yote. Meneja alicheka, akasema karani aliandika bei kinyume, kwani hakuna broka mjinga wa kununua ghali na kuuza rahisi. Abadilishe tarakimu tu, kijani irudi, achukue barua yake. Maelezo hayo yaliingia akilini, lakini Igoki hakutulia.

Saa ya chakula alishuka sokoni. Mama yake alikuwa akipepeta maharagwe kwa ungo, na alipoulizwa kuhusu Juni hakuhitaji kufikiri. Malori yalikuwa yamemwaga maharagwe kutoka upande wa Moyale, bei ya Gakoromone ikaanguka. Kianjai watu walikuwa hawajasikia, wakashikilia bei yao, naye alikuwa ameshawaahidi kununua. Akanunua.

"Lakini Juni ndiyo ulinipa pesa ya mtihani," Igoki alisema. "Ulisema biashara ni nzuri."

"Ningekwambia nini, na wewe unaingia mtihani?"

Hesabu ilimkataa Igoki. Pesa haikuwepo, na pesa ilitolewa. Akauliza ilitoka wapi. Mama yake alichagua kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Ile ng'ombe haikukufa," akasema.

Igoki alikuwa ameandikiwa barua chuoni kwamba ng'ombe wao alivimba tumbo usiku mmoja akafa. Alimlilia bwenini mbele ya wenzake, wakamcheka. Kumbe alikuwa ameuzwa. Sasa alisimama katikati ya magunia asijue kama ana hasira au uchungu, na ukweli ni kwamba alikuwa na vyote viwili. Mama yake akamwambia arudi kazini asichelewe.

Alirudi. Alibadilisha tarakimu kama alivyoagizwa, na kijani ikajaa vizuri, bila pengo, ikapendeza. Kisha akazirudisha tarakimu zilivyokuwa.

Bwana Kiambi aliingia na barua ikiwa tayari imepigwa chapa.

"Bado tu? Hii pengo ni ya nini sasa?"

"Ni ng'ombe ya mama yangu," Igoki alisema. "Mama yangu ni broka."

Bwana Kiambi alitazama kioo, akamtazama Igoki, akarudi kutazama kioo, barua bado iko mkononi mwake.