Pikapu Iliyopanda Mlima Bila Mguu

Siku gari ilipomkimbia Sidonie mara ya kwanza, nyuma kulikuwa na magunia kumi na mawili ya mpunga wa Wamaza, na pembeni yake alikaa mumewe Clovis, dereva aliyeshika usukani miaka thelathini na moja, ambaye macho yalikuwa yamemwacha njiani.

Mwanga Clovis aliuona. Aliweza hata kujua kama kilichosimama mbele yake ni mtu au mbuzi. Lakini barabara hakuiona tena, na mashimo ya barabara zetu hayamsubiri mtu apapase. Ndugu zake walimshauri auze pikapu. Yeye alimpeleka mke wake kwenye uwanja wa mpira wa shule, akamkalisha mbele ya usukani, na kwa Jumamosi nyingi mfululizo nusu ya mtaa ilikuja kusimama pale kutazama kama kuna arusi. Hayo yalikuwa ya miaka miwili nyuma. Sasa Sidonie alikwenda Wamaza na kurudi Kasongo kila wiki, naye Clovis alikaa upande wa abiria akiendesha kwa mdomo, gia na mashimo yote.

“Vitesi ya pili. Hapa kuna jiwe kushoto.”

“Jiwe walishaliondoa, Baba Esther.”

“Walilitupa wapi?”

Walikuwa wanapanda mlima, gari ikivuta kwa taabu, Sidonie alipowaona vijana karibu na kilele wakisukuma baisikeli zilizojaa bidoni za mawese. Akaondoa mguu kwenye mafuta ili apunguze mwendo. Gari haikupunguza. Ilizidi kuvuta, ikaongeza na kasi, kama ng'ombe aliyeona maji.

“Baba Esther, gari inakimbia!”

“Ondoa muguu.”

“Nimeondoa!”

Vijana walitupa baisikeli zao majanini. Sidonie akakanyaga ambreyaji, injini ikaachana na magurudumu, ikapiga ukelele mmoja kama nguruwe aliyeshikwa masikio. Kisha chini ya kapo, kifuniko cha injini, pakasikika kishindo, pu, na ukelele ukafa. Injini ikarudi kunguruma polepole kama kitu kisicho na habari ya lolote.

Sidonie alisimamisha gari, akashuka kuwaomba radhi wale vijana na kuwasaidia kuinua bidoni. Aliporudi, Clovis alikuwa amekunja mikono kifuani.

“Mama Esther, muguu yako iko muzito. Kwenye mulima dereva anakanyaga kama anakanyaga yai.”

Sidonie akaingiza vitesi ya kwanza. Mtu akishahukumiwa na bingwa, akijibu anajiongezea kosa.

Siku iliyofuata aliipeleka pikapu kwa Bakari, fundi aliyeitibu gari ile tangu Clovis alipoinunua kwa masista. Bakari alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Aliinama chini ya usukani, akakibonyeza kile kikanyagio cha mafuta, akakiachia, akakibonyeza tena. Kikarudi vizuri. Akafungua kapo, akachomoa waya wote unaotoka kwenye kikanyagio kwenda kwenye injini, akaupitisha vidoleni kutafuta uzi uliokatika, akaupaka mafuta. Akasafisha karbirateri kwa petroli na brashi ya meno. Mwisho akabadilisha ile resori ndogo inayorudisha waya mahali pake. Akaiwasha gari, akaikanyaga, akaiacha. Injini ilitii kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

“Haina ugonjwa,” alisema Bakari. “Imepona, au haikuwa inaumwa.”

Clovis, aliyekuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, akakohoa. Sidonie alikuwa mke wa Clovis kwa miaka ishirini na sita, alikijua kikohozi kile.

Jioni hiyo, akigeuza mpunga uliokuwa unakauka kwenye shiting ya plastiki uani, aliirudisha safari kichwani hatua kwa hatua. Wakati wa kwenda, gari tupu, haikuwa na kosa. Wakati wa kurudi, kwenye tambarare, haikuwa na kosa. Ilikimbia pale tu ilipobeba mzigo na kupanda mlima. Halafu kile kishindo. Pu. Alisimama na reki mkononi. Kitu kikianguka, alijiambia, lazima kwanza kilikuwa kimepanda. Ni nini basi kilichokuwa kimepanda humo ndani?

Wiki iliyofuata walirudi Wamaza, wakapakia, wakageuza. Sidonie alisubiri mpaka walipofika kwenye mlima ule ule. Alihakikisha barabara ni tupu mpaka juu. Akakanyaga mafuta vizuri, akaisikia gari ikivuta, kisha akauondoa mguu wa kulia kabisa, akaukunja na kuuweka juu ya kiti, kati yake na mumewe. Gari ikaendelea kupanda.

“Baba Esther, leta mukono. Shika hapa.”

“Nini hiyo?”

“Shika.”

Mkono wa Clovis ulipapasa ukakuta kisigino, kisha kandambili, kisha vidole vitano vya mguu wa mke wake. Juu ya kiti. Injini ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote, na magunia kumi na mawili yalikuwa yanapanda mlima bila mguu wa mtu yeyote.

“Ni wa kulia huu?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Wa kulia.”

“Mungu wangu. Kanyaga ambreyaji, mama. Kanyaga!”

Alikanyaga. Ukelele, kishindo, kimya. Waliketi pale kileleni, freni ya mkono imevutwa, injini imezimwa, upepo ukipita madirishani. Clovis hakuuachia mguu ule.

“Nilikusema vibaya,” alisema hatimaye. “Mbele ya Bakari pia nilikohoa.”

“Nilisikia.”

“Utanisamehe?”

“Nitafikiria. Kwanza uniambie, ulisikia ile pu?”

Clovis alikuwa ameisikia. Tena masikio yake, tangu macho yapungue, yalikuwa yameongezeka ukali. Alisema haikutoka kwenye karbirateri. Ilitoka chini zaidi, upande wa kushoto, kitu kizito kikikaa juu ya chuma. Njia yote iliyobaki walikwenda kwa vitesi ya kwanza, wakibishana juu ya kishindo hicho kwa raha, kama watu wanaobishana juu ya jina la mtoto.

Na haraka ilikuwepo. Jumapili mjukuu wao wa kwanza, mtoto wa Esther-Divine, alikuwa anabatizwa Kabambare. Clovis alianza kusema kwamba ikishindikana wangeweza kukodi pikipiki mbili. Sidonie akamwambia kwamba bibi wa mtoto hatafika kwenye ubatizo akiwa na rangi ya udongo kuanzia nywele mpaka kucha, na pikapu iko.

Kwa Bakari, safari hii, ni Sidonie aliyezungumza. Alieleza mzigo, mlima, kishindo, upande wa kushoto.

“Hapa kwako gari haina muzigo, fundi. Njo maana haisemi kitu.”

Bakari alikuna kidevu. “Basi tuidanganye,” alisema.

Aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Akamwomba Sidonie avute freni ya mkono, akanyage na freni ya mguu kwa nguvu, aingize vitesi ya kwanza, kisha aachie ambreyaji kidogokidogo mpaka injini ijisikie imefungwa kwenye mzigo usioweza kusogea. Yeye Bakari akasimama kando, kapo imefunguliwa, akainama kutazama.

Kutoka kwenye kiti Sidonie hakuona kitu. Alisikia tu gari ikitetemeka chini yake, kisha Bakari akipiga kelele.

“Zima! Zima, mama! Nimeiona!”

Alikuwa anacheka, jambo ambalo hata watoto wake mwenyewe waliliona kwa nadra. Alichukua chuma kirefu, akakipitisha chini ya injini upande wa kushoto, akainua. Injini nzima ikanyanyuka kama mtu anayetaka kuondoka kitini. Akamwita Clovis, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya waya wa mafuta.

“Sikia, mzee.”

Akainua tena. Chini ya vidole vya Clovis waya ukakaza. Bakari akaachia. Pu. Waya ukalegea.

“Kauchu imeachana na chuma,” Clovis alisema taratibu, akiutaja mpira wa chini ya injini. “Ile inayokaliwa na mutere.”

“Njo hiyo. Mipira yote miwili iko mahali pake, ukitazama kwa macho unasema ni mizima. Huu wa kushoto umepasuka katikati. Gari ikivuta muzigo, injini inainuka. Ikiinuka, inavuta waya. Waya ukivutwa, mafuta yanaongezeka, injini inazidi kuinuka. Inajikanyagia yenyewe.” Akamgeukia Sidonie. “Na ukikanyaga ambreyaji, nguvu inakwisha, injini inaanguka kwenye kitanda chake. Mama, unisamehe. Nilikagua waya, sikukagua kitanda.”

Mpira mpya wa gari ya umri ule, kuutafuta ni kuagiza Bukavu na kusubiri. Bakari hakuagiza. Alikata kipande kinene kutoka kwenye ubavu wa tairi la lori, akakichonga kwa kisu alichokuwa anakichovya majini, akakitoboa, akapitisha boliti ndefu toka juu mpaka chini, ili hata mpira ukichanika tena siku moja injini isiweze kuinuka. Sidonie alishika kurunzi. Clovis alishika boliti na kutoa ushauri. Walipomaliza waliidanganya gari tena kwa mawe na freni. Ikatetemeka, ikanung'unika, lakini injini haikutoka kwenye kiti.

Alfajiri ya Jumamosi waliondoka na kuku wawili, gunia la mchele, na kitambaa cheupe cha mtoto kilichokunjwa ndani ya karatasi. Kwenye mlima wa kwanza Sidonie aliondoa mguu kabla ya kilele. Gari ikapunguza. Akaurudisha, ikavuta. Akauondoa, ikapunguza. Alifanya hivyo mara tatu zaidi ya ilivyohitajika, kwa utamu wake tu.

“Unacheza,” alisema Clovis.

“Ninacheza.”

Kwa muda alimwonyesha mashimo kama kawaida yake. Baadaye maneno yakapungua, kisha yakakoma, Sidonie akadhani amemkasirisha. Alipogeuka, mumewe alikuwa amelala, mdomo wazi, kofia imemwangukia puani. Katika maisha yake yote ya barabara Clovis hakuwahi kusinzia ndani ya gari inayotembea, hata ikiendeshwa na nani. Sidonie aliendesha kama aliyebeba maji kichwani. Pikipiki za kwenda Salamabila zilimpita zikipiga honi, akazilaani kwa kunong'ona.

Jua lilikuwa limeshainama kidogo alipozima injini mbele ya nyumba ya Esther-Divine. Mkwe wao, Junior, alitoka mbio kupokea mizigo. Kutoka ndani alisikika mtoto akilia kwa mapafu yenye afya.

Clovis akashtuka, akasukuma kofia. “Tumefika Wamaza?”

“Wamaza tuliiacha zamani, Baba Esther. Hapa ni Kabambare.”

Alikisikiliza kile kilio. Kisha akaomba maji ya kunawa mikono na uso, maana hakutaka kumshika mtoto akiwa na vumbi.