Tarishi Mlangoni pa Figo

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Bi Muhuri alikuwa ameshakwenda chooni mara nne. Jagi lake la lita tatu lilibaki nusu, na barua za siku hiyo hazijaguswa. Alikuwa karani wa masijala, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kugongwa muhuri. Hata kadi ya harusi ya binti yake mwenyewe aliigonga: IMEPOKELEWA.

Alipokaa tu, sikioni mwake akatoka mwanamke wa kimo cha kidole gumba, koti la kijivu, mkoba begani, viatu vimelika visigino. Akateremka kwa kushikilia hereni, akatua mezani karibu na muhuri.

"Shikamoo, Bibi. Nina malalamiko."

"Marahaba. Ya maandishi au ya mdomo?" Bi Muhuri akauliza, maana utaratibu ni utaratibu.

"Ya mdomo. Mimi ndiye tarishi wako. Natoka kichwani, napeleka ujumbe kwenye figo, na ujumbe wenyewe ni mmoja: mwili umekauka, rudisheni maji. Zamani nikigonga mara moja tu, wale wa ndani wanapachika vilango vyao ukutani, maji yanarudi kwenye damu, mkojo unatoka kidogo, kila mtu anapumzika. Siku hizi nagonga mpaka vidole vimeota sugu. Na wananiona, Bibi! Wananitazama hivi hivi, kama siwahusu. Maji yanapita yanakwenda zake."

Bi Muhuri akaandika yote, akagonga muhuri, akampa nakala. Kisha akaenda chooni mara ya tano.

Hospitalini, daktari alimkaribisha tarishi akae juu ya pamba. Akapima mkojo, hauna sukari hata chembe, mweupe kama maji ya bomba. Akamzuia Bi Muhuri kunywa kwa saa kadhaa, muuguzi kamkodolea macho muda wote, halafu akamchoma sindano yenye tarishi wa kuazima, mwanamume mnene mwenye tai. Baada ya saa moja matarishi wote wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya figo wakisimuliana habari za watoto wao, na maji yanapita vilevile.

"Basi," daktari akasema, "kichwa hakina kosa. Kinatuma. Figo ndizo hazisikii. Unatumia dawa gani, mama?"

Alikuwa akitumia lithiamu, mwaka wa kumi na mbili sasa, tangu ile wiki aliyogawa vyombo vyote vya nyumbani, pamoja na kitanda alichokuwa amelalia mumewe.

"Ndiyo hiyo. Imekutuliza akili, lakini imejipenyeza kwenye figo, wa ndani wamezubaa. Wengine damu yao imezidi kalsiamu au imepungukiwa potasiamu. Wengine wanazaliwa hivyo, hawajawahi kusikia mtu tangu siku ya kwanza."

"Niiache?"

"Thubutu! Ukiiacha ghafla utagawa na nyumba. Nitazungumza na daktari wako wa akili. Wewe punguza chumvi, na kunywa kila ukisikia kiu. Ukishinda siku nzima bila maji, mama, sikutishi, utakufa."

Alirudi kazini na cheti. Ukutani, juu kabisa ya meza yake, palikuwa na waraka wa mkurugenzi uliotoka wiki iliyopita: kuanzia Jumatano, marufuku maji mezani, chooni mara mbili kwa siku, ufunguo uombwe kwa mkurugenzi. Chini yake pana muhuri wa Bi Muhuri, umekaa sawasawa. Alikuwa ameugonga na kuubandika mwenyewe bila kuusoma. Masijala haisomi, masijala inapokea. Jamani, alitamani kujizaba kofi.

Akaandika barua ya kuomba jagi lake na ruhusa ya choo, akaambatanisha cheti, akaigonga.

"Nipe mimi," tarishi akasema. "Nimezoea."

Akaikunja, akaipandisha kichwani, akavuka ukumbi, akapenya chini ya mlango wa mkurugenzi. Alirudi baada ya dakika ishirini.

"Kasemaje?"

"Kanitazama hivi hivi."

Jumanne akaenda tena, mara sita. Jumatano jagi likahamia ndani ya kabati la mafaili, herufi M, na Bi Muhuri akawa anakunywa akiwa ameinama kama mtu anayetafuta faili. Ilipofika saa nne alikuwa ameshamaliza ruhusa zake mbili. Akatoka kwenda kuomba ya tatu. Nje ya mlango wa mkurugenzi akawakuta tarishi wake na yule mnene wa tai, wamekaa kwenye benchi. Alikuja kusaidia kugonga, akasema yule mnene, maana kule kwenye figo hana kazi.

Wakagonga wote watatu. Mkurugenzi akafungua, ufunguo wa choo unaning'inia kiunoni. Akamtazama Bi Muhuri, akawatazama na wale wawili, akawaitikia salamu, akafunga.

Bi Muhuri akakaa, akabana miguu.

"Na huyu naye," akauliza, "anakunywa dawa gani?"

"Huyu hanywi kitu, Bibi," tarishi akasema, akivua kiatu ajisugue kisigino. "Kazaliwa hivyo."