Sahani ya Sista Oda

...na Rikenza asiitazame, kwa nini aitazame, ni sahani tu hapa kushoto kwake, uji wa shayiri na kipande cha mkate mweusi, kijiko wamekilaza kushoto kwa sababu Oda alitumia mkono wa kushoto, siku thelathini wanampakulia marehemu kama yupo, halafu chakula kinapelekwa langoni kwa maskini, leo ndiyo ya mwisho, kesho ataketi mwingine, lakini mbona uji wa Oda bado unafuka mvuke, wa wengine wote umeshapoa, na msomaji kwenye mimbari ya ukumbi wa kulia anasoma habari za mfiadini, ...ndipo liwali akamwambia yule bikira, tamka neno moja tu nawe utaachiliwa..., neno moja, ee Mungu, Rikenza analo neno moja, na Padri Volkmar anamngoja, asubuhi alisema, “Ukishakula uje chumba cha wageni, binti yangu, nikusomee kitabu chote, uape kwamba maneno haya yametoka kwa Bwana, nikitie muhuri kiende kwa askofu,” naye akajibu, Ndiyo, Baba, kwa urahisi ule ule wa kuitikia zaburi, miaka kumi na moja ameitikia, miaka kumi na moja sauti imemjia pale kwenye kwaya kanisani, kwenye kimya cha baada ya zaburi, sikio la kushoto, Usiniache... nimekungoja tangu utotoni... nipe moyo wako, mimi ni wako, na katikati kipumzi kidogo, kama kikohozi, aliamini ni Bwana anapumua kwa uchungu wa msalaba, Volkmar akakiandika hata hicho kipumzi, wanawake wakaja kwa miguu kutoka vijiji vitatu kugusa shela yake, na Sista Walburga wa jikoni, huyu hapa kulia kwake anayetafuna kama ng'ombe, alimtania, “Wewe mwenzangu Bwana anakujia kwenye zaburi, mimi ananijia kwenye vitunguu, machozi ni yale yale,” wakacheka, lakini Walburga hakucheka sana, na kushoto kwake Oda alikuwa ameinamisha macho, hata kwenye kwaya Oda alikuwa anasimama kushoto kwake siku zote, mpaka homa ilipomwangusha, na Rikenza ameshika bakuli la maji kitandani pake akamsikia akimwomba Bwana wake, Usiniache, nimekungoja tangu utotoni, yale yale, kwa mpangilio ule ule, na kikohozi katikati, bakuli likamponyoka, Bwana hakohoi, ilikuwa sala ya Oda, yeye ameipokea kama mtu aliyefungua barua ya jirani, na tangu wamzike Oda sauti haijaja tena, basi aseme, kitabu kiende motoni, kiende tu, si kitabu kinachomuuma, baba yake alimleta hapa ana miaka saba akageuza gari la farasi bila kushuka, na hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwambia nimekungoja, ...neno moja tu, akasema liwali...

Usiniache.

Kushoto. Hakugeuka. Mvuke wa ile sahani ukalala upande wake kana kwamba kuna anayeupuliza, Nimekungoja tangu utotoni, taratibu, karibu na sikio, ni yeye, ni Oda, hapana, ni Bwana, kisha kikohozi, na kikohozi kile kikamkwaruza koo lake mwenyewe, akagundua midomo yake inacheza, tangu lini inacheza, nani anaichezesha, na kulia kwake kutafuna kumekoma, kijiko cha Walburga kimesimama katikati ya bakuli na mdomo, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hapa hakuna kitunguu, uso ameuinua, ananong'ona, “Nipo, Bwana. Nilidhani hutakuja kwangu,” na Rikenza akafumbua kinywa amwambie, ni mimi, dada, ni mimi tu, neno halikutoka, kwa maana uso ule ulikuwa uso wake mwenyewe wa miaka yote ile kumi na moja, na Oda aliuona, kila siku aliuona kwa pembe ya jicho, Oda alijua, alijua na aliendelea kusali kwa sauti ile ile, wala hakuipunguza, basi Rikenza akaegemea kulia kidogo, macho chini, akamalizia, Nipe moyo wako.